Mikono ya Fanani: Uteuzi wa Kipazasauti Kisicho na Waya

Katika fasihi simulizi, matini haiishii kwenye maneno. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), alisisitiza kwamba kazi simulizi haiwezi kueleweka bila utendaji wake. Mtambaji anapoigiza fisi aliyefika njia panda, mikono yake ndiyo njia zenyewe. Hata hivyo, anapopanda jukwaani katika ukumbi mkubwa hukabidhiwa kipazasauti cha mkononi, na papo hapo mkono mmoja hutekwa. Mwimbaji wa kayamba, ala inayotikiswa kwa mikono miwili, hana hata mmoja wa kutoa. Makala haya yanadai kuwa uteuzi wa kipazasauti ni suala la kifasihi kabla ya kuwa la kiufundi.

Chombo kinachofaa kina sehemu tatu: kipazasauti kidogo kinachovaliwa, kisanduku cha kiunoni kinachorusha mawimbi, na kipokezi kinachounganishwa na spika. Swali la kwanza ni mahali pa kukivalia. Cha kifuani hakivuti macho, nacho humfaa mhadhiri anayetazama mbele. Lakini mtambaji anayegeuka kulia kuwa sungura na kushoto kuwa fisi hukiacha nyuma, na sauti hufifia. Katika nafasi wazi, umbali kutoka mdomoni ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Zaidi ya hayo, chombo hicho hunasa mkwaruzo wa shanga na leso. Cha kichwani hugeuka pamoja na kichwa. Kwa hiyo ndicho kimfaacho mwigizaji na mwimbaji. Kiwekwe pembeni mwa mdomo, si mbele yake, ili pumzi za /p/ na /b/ zisivume.

Swali la pili ni mwelekeo. Kipazasauti kinachopokea sauti za pande zote huvumilia kusogea kidogo, ila hupokea ngoma na spika pia, na spika zikiwa karibu huanza kupiga mbinja. Penye ala nyingi, kinachopokea zaidi upande mmoja ni bora.

La tatu ni masafa. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2015 ulikamilisha taratibu za kutumia masafa ya megahezi 694 hadi 790 kwa simu za mkononi barani Afrika. Nchini Marekani, vipazasauti vya masafa ya 700 vilipigwa marufuku mwaka 2010. Chama kinachonunua vyombo vya mtumba hakina budi kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwanza, kwani rahisi yaweza kuwa ghali. Vile vya gigahezi 2.4 hushindana na intaneti isiyo na waya, iliyojaa vyuoni.

Hatimaye, jaribio lisiwe la kusimama na kuhesabu "moja, mbili". Fanani avae maleba yake, afunge kisanduku kwa mkanda imara, atie betri mpya, kisha aruke, ainame na ageuke kama atakavyofanya mbele ya hadhira. Pasipo uwezo wa kununua, kipazasauti kilichosimamishwa kwenye mhimili ni afadhali kuliko cha mkononi: hufunga miguu, lakini huacha mikono iseme. Hadhira inayosikia kila neno bila kuiona njia panda imepewa nusu ya ngano.