Bastola kiunoni, dubu mbele yako: sheria ya Marekani inasemaje?

Missoula, mji wa Montana, na Boise, mji mkuu wa Idaho, ina familia nyingi za Kikongo zilizofika kama wakimbizi. Baadhi ya vijana wao wameshajifunza kuwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye mmoja tu hujaza friza kwa miezi. Msitu wenye elki, hasa kuelekea Yellowstone na milima ya Montana, huwa pia na dubu aina ya grizli, na wenyeji huwaambia wageni: nenda na bastola. Ushauri huo si mbaya. Tatizo ni kwamba wengi huusikia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafikisha watu mahakamani.

Kwanza, je, wewe unaruhusiwa kushika bastola? Uliza hilo kabla ya kuuliza habari za dubu. Sheria ya shirikisho haimtaki mtu awe raia ndipo amiliki silaha. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali anaweza pia, mradi hana kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa la jinai au ya kumpiga mwenzi wake. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano shangazi aliyekuja kutembea au mwanafunzi, amekatazwa kushika silaha yoyote, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyoandikwa, na msamaha mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Na wewe uliyeomba hifadhi na bado unasubiri jibu, usiguse bunduki wala bastola, hata ya kuazima, kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Kumnunulia mtu silaha nako kuna mtego. Ukimnunulia ndugu yako bastola kwa jina lako kwa sababu yeye haruhusiwi, umetenda kosa ambalo tangu 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani. Nalisema kwa uzito kwa sababu kwetu kumsaidia ndugu ni wajibu, na mtu hufanya hivyo bila kujua kwamba anavunja sheria.

Kubeba kwenyewe kumelegezwa sana. Tangu 2021 Montana haidai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa kwa mtu anayestahili kumiliki silaha. Idaho nayo imelegeza, lakini soma vizuri: ruhusa ya kuificha bastola bila kibali ndani ya mipaka ya mji imeandikwa kwa raia wa Marekani na wanajeshi. Kwa hiyo mkaazi wa Boise asiye raia asiivae chini ya koti tangu mlangoni kwake akidhani sheria ya jirani yake ni yake pia. Aifunge kwenye gari bila risasi, aivae akishafika porini, na aombe kibali kama anataka zaidi ya hapo. Anayewinda kwa upinde asome pia kanuni za msimu wake, maana masharti kuhusu bastola hayafanani jimbo hadi jimbo.

Katika hifadhi za taifa kama Yellowstone na Glacier, tangu Februari 2010 unaweza kuwa na silaha ikiwa sheria ya jimbo inakuruhusu. Lakini kuwinda humo ni marufuku, kufyatua risasi ni marufuku, na kuingia na silaha katika majengo ya serikali, vikiwemo vituo vya wageni, ni kosa. Anayesafiri kwa gari kwenda Alaska kupitia Kanada aiache bastola nyumbani. Mpaka wa Kanada hauna huruma na bastola.

Sasa tuje kwa dubu.

Grizli wa majimbo 48 ya chini (yaani bila Alaska na Hawaii) amelindwa na Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini tangu 1975. Mara mbili, 2007 na 2017, serikali ilimwondoa dubu wa eneo la Yellowstone kwenye orodha, na mara zote mbili mahakama ikamrudisha. Kumuua bila sababu inayokubalika kunaweza kukuletea faini ya hadi dola 25,000, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Sababu inayokubalika ni moja: uliamini kwa nia njema kwamba unajikinga wewe, mtu wa familia yako au mtu mwingine yeyote asidhuriwe mwili.

Nimesema mwili. Mali haimo. Mwaka 1982 mfugaji wa kondoo huko Montana alimuua grizli baada ya dubu kumla kondoo mmoja baada ya mwingine. Alitozwa faini ya dola 2,500, akapeleka kesi hadi Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9, na mwaka 1988 akashindwa. Kama mahakama ilisema hivyo kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa inaliwa, basi elki wako aliyelala chini hana nafasi. Dubu akimkalia huyo elki, rudi nyuma mwachie. Najua inauma baada ya siku nzima ya kupanda mlima, lakini kumpigania mzoga kwa risasi hakuitwi kujihami.

Mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 1998, katika kesi ya mwindaji mmoja aliyemuua grizli huko Montana, kwamba ukidai ulijihami, ni serikali inayopaswa kuthibitisha pasipo shaka ya msingi kuwa hukujihami. Hiyo ni haki kubwa. Hata hivyo mwindaji huyo hakupona; hukumu dhidi yake ilibaki palepale. Wapelelezi hupima umbali wa maganda ya risasi, hutazama tundu limeingilia mbele au mgongoni, hutafuta nyayo. Dubu aliyepigwa akiwa anaondoka ni ushahidi mbaya kwako.

Ukilazimika kufyatua, hakikisha kwanza uko salama, kisha usiguse kitu. Usimsogeze dubu, usiokote maganda, usichukue kucha wala ngozi. Si mali yako. Ipigie simu idara ya wanyamapori mapema uwezavyo. Sheria ya Montana inataka taarifa ndani ya saa 72, na ya shirikisho ndani ya siku 5, lakini anayekawia hushukiwa. Sema nani, wapi, lini, na kwamba ulikuwa unajihami. Maelezo marefu unaweza kuyasubirisha hadi uwe na wakili, na mkalimani ukimhitaji muombe bila aibu. Ukiamua kusema, sema kweli tupu, kwa kuwa kumdanganya ofisa wa shirikisho ni kosa linalojitegemea.

Alaska dubu huyo hayumo kwenye orodha, ila jimbo lina masharti yake: usiwe umemvuta kwa takataka zako au kumvamia bila sababu, utoe taarifa mara moja na ripoti ya maandishi ndani ya siku 15, na ukabidhi ngozi yenye kucha pamoja na fuvu.

Kwa asiye raia kuna jambo zito kuliko faini. Hukumu ya kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kwa mwenye kadi ya kudumu. Usikubali kukiri kosa lolote la silaha ili tu kesi iishe haraka, kabla wakili wa uhamiaji hajaiona karatasi unayotakiwa kusaini.

Na kopo la pilipili ya kupulizia? Mimi ningelibeba kabla ya bastola. Watafiti waliopitia matukio ya Alaska walichapisha mwaka 2008 kwamba pilipili ilimzuia dubu wa kahawia, ambaye grizli ni wa jamii yake, kwa asilimia 92. Mwaka 2012 walitazama matukio 269 ya silaha: bastola zilifaulu kwa asilimia 84, lakini waliofyatua hawakuumia kidogo kuliko waliokuwa na silaha wasiifyatue. Pilipili haimuui dubu, na dubu akiishi huna mzoga wa kuueleza kwa mpelelezi. Nunua kopo, livae kifuani pasipozibwa na mkoba, jizoeze kulichomoa. Na kabla msimu haujafunguliwa, andika kwenye karatasi namba ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako na ya wakili wako, uiweke mfukoni pamoja na leseni, maana milimani simu huzimika.