Kikapu cha chambo kwa maji yenye nguvu: tuchague nini?



Mvua ikikomaa, Kasai inajaa na maji yanakimbia. Wengi wanaweka ndoano kando mpaka kiangazi. Kwa sahani inabaki Thomson ya barafu, na bei yake mnaijua kuliko mimi. Ndiyo sababu kamati imeniuliza: tukitoa makuta ya kununua uzi na vikapu vya chambo, tuchukue vya namna gani?

Kikapu cha chambo ni kitu rahisi. Ni kikopo au waya wa wavu uliokunjwa, wenye uzito chini yake. Unajaza pumba ya mahindi, unatupa, kinakaa chini ya mto, pumba inatoka kidogo kidogo na kuita samaki kwenye ndoano. Kikiviringika, pumba inaenda kwa jirani na ndoano inabaki peke yake.

Kwanza pima maji. Hesabu meta 10 kando ya mto, tupa kijiti, hesabu sekunde. Kikichukua sekunde 20, gramu 50 mara nyingi zinatosha kuanzia. Kikichukua sekunde 10, usifikiri gramu 100 zitatosha: mbio zikiwa mara mbili, maji yanasukuma mara nne. Hapo jaribu 200. Chini ya sekunde 10, acha katikati ya mto. Tafuta pahali maji ya mbio yanapopakana na maji ya polepole, nyuma ya kona ao mti ulioanguka. Kambale naye hapendi kuchoka bure.

Uzito wa nini? Jiwe la gramu 100 ndani ya maji linabaki na kama gramu 62 tu. Chuma kinabaki na 87, risasi 91. Basi kipande cha chuma cha kujengea kinakaribia risasi kabisa, na kwa mafundi wa hapa unakipata. Mimi nachagua chuma. Risasi ya betri za zamani, watu wanaiyeyusha kwa sufuria ya nyumbani, watoto wako pembeni. Moshi na vumbi yake ni sumu, inaharibu akili ya mtoto pole pole na hakuna mwenye kuona. Hapana kufanya hivyo, hata kama ni bure. Kama unayo tayari, usiibane kwa meno, na nawa mikono mbele ya kula bukari.

Umbo nalo lina kazi. Kitu cha duara kinaviringika. Kilichopondwa bapa kinashika mchanga. Kikopo cha tomati kilichotobolewa kinafaa maji ya polepole, lakini kwa maji makali kinasukumwa kama mlango. Hapo chukua wavu wa waya, maji yapite ndani. Na pumba ichanganywe na udongo wa kichuguu, ukandwe ngumu, isimalizike mara moja.

Kufunga: kikapu usikifunge kwa uzi mkubwa wenyewe. Kifunge kwa kauzi kembamba zaidi. Kikinasa kwa jiwe, kauzi kanakatika, unapoteza kikapu tu. Mimi mwaka wa kwanza nilifunga vyote kwa uzi mmoja mnene. Siku moja nilirudi na mti mkononi, bila uzi, bila ndoano, na wazee wakicheka. Uzi mnene una shida nyingine: maji yanaushika na kuvuta kikapu. Chukua mwembamba wenye nguvu, simamisha mti wako juu ili uzi mwingi utoke majini, na baada ya kutupa legeza kidogo.

Usizungushe uzi kwa mkono ao mguu. Gogo likipita, halikuulizi. Na usimame juu ya ukingo, si ndani ya maji, mamba mnawajua.

Kwa kamati: musinunue vikapu 50 mara moja. Tengenezeni vitatu, vya gramu 60, 120 na 200, vijaribiwe siku moja, pahali pamoja. Kile chenye kukaa chini bila kuviringika, ndicho cha kuagiza. Na andikeni sekunde za kijiti siku hiyo, maji ya mwezi wa 3 siyo ya mwezi wa 5.