MKONO WA MWALIMU KATIKA DARASA LA CHEKECHEA



Wengi wenu mlio madarasa ya juu huachiwa watoto wa chekechea maalimu anapopata dharura. Mtu akikabidhiwa watoto thelathini wa miaka minne na mitano, kwanza hupaza sauti. Kelele zikizidi, hutafuta bakora. Lakini mtoto anayeanzwa kwa bakora hujifunza kukiogopa chuo kabla hajaijua alifu. Somo hili linaeleza njia nyingine: ishara na vitendo.

Kwa nini ishara?

Mtoto mdogo hawezi kukaa kimya muda mrefu. Maneno mengi humpita, lakini akiona kitendo huelewa, na akikitenda mwenyewe hukumbuka. Katika miaka ya 1960, James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alifundisha lugha kwa amri zinazotendwa: mwalimu husema "simama" huku akisimama, na wanafunzi husimama naye. Njia hiyo inatumika hadi leo.

Kwetu si jambo geni. Mtume (S.A.W.) alipoeleza atakavyokuwa karibu Peponi na mlezi wa yatima, alionyesha vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Kutuliza darasa

1. Chagua ishara tatu tu. Mkono juu: kimya. Viganja chini: kaeni. Kidole sikioni: sikilizeni. Kila ishara iwe na maana moja, wala usiibadilishe kesho.

2. Inua mkono, nyamaza, kisha ngoja. Ukipiga kelele "nyamazeni!" huku mkono uko juu, watoto watafuata kelele, si mkono.

3. Kelele zikizidi, piga makofi mawili, tulia, kisha piga moja. Watoto wajibu vivyo hivyo. Rudia kwa sauti ndogo zaidi kila mara, mpaka mnagusanisha vidole tu. Darasa litakuwa limetulia bila mtu kukemewa.

4. Asiyefuata, msogelee umwonyeshe ishara kwa karibu. Usimtaje jina mbele ya wenzake. Msifu anapofuata.

Kusomesha herufi

Ba, ta na tha zina umbo moja. Zinatofautiana kwa nukta. Laza mkono wa kushoto mbele ya kifua, uwe kama dau. Kwa ba, weka kidole kimoja cha mkono wa kulia chini ya dau. Kwa ta, weka viwili juu yake. Kwa tha, vitatu juu. Kisha fuata hatua hizi:

a) Taja herufi na utende pamoja na watoto.
b) Taja tu, mikono yako ikiwa nyuma, watoto watende.
c) Tenda bila kutaja, watoto wataje.
d) Mtoto mmoja aje mbele aongoze wenzake.

Usiiruke hatua ya (b). Mikono yako ikionekana, watoto watakuiga, nawe hutajua nani ameelewa na nani amefuata tu.

Tahadhari

Ukiwaelekea watoto, kulia kwako ni kushoto kwao. Ukiandika herufi hewani kutoka kulia kwako, wao wataiona ikitoka kushoto, na mwandiko wetu huanzia kulia. Basi wape mgongo unapoandika hewani, ukiwatazama kwa bega. Fanya hivyo pia unapowaonyesha mkono wa kulia, la sivyo watainua wa kushoto wakidhani wamepatia.

Tena usitumie kidole cha kutishia. Mtoto akizoea kuona mkono wa mwalimu ukimtisha, hataufuata unapomfundisha.

Zoezi

Ongeza jim, ha na kha, ambazo nazo zina umbo moja: jim ina nukta tumboni, ha haina, kha inayo juu. Buni ishara zake, uzijaribu kwanza kwa mdogo wako nyumbani. Akiweza kukuongoza wewe, ziko tayari kupelekwa darasani.