Namna ya Kuimudu Chati Ngumu ya Mshono wa Msalaba

Wengi wetu tulianza kudarizi kwa vitambaa vya makochi. Ua lilikuwa limeshachorwa kwa penseli au kwa karatasi ya kaboni, kazi yako ikawa kufuata mstari. Mshono wa msalaba wa kuhesabu ni jambo jingine. Kitambaa ni kitupu. Mchoro wote uko kwenye chati, na kila mraba wa chati unauhamisha kwa macho mpaka kwenye mraba wake wa kitambaa. Ukiruka mmoja, yote yanayofuata yanahama nao. Msalaba wenyewe hauna ugumu. Anayejua kushona mmoja anajua yote, hata ya picha yenye rangi sitini. Kinachowashinda watu ni hesabu. Kwa hiyo jiwekee njia za kulibaini kosa likiwa bado na mishono mitano, kabla halijafika mia tano.

Anza na kitambaa. Aida, ambacho kimefumwa kwa miraba inayoonekana wazi, huuzwa kwa namba: 11, 14, 16, 18. Namba hiyo ni idadi ya miraba katika inchi moja. Chati ya miraba 140 kwa 98 itatoka inchi 10 kwa 7 ukiishona kwenye Aida ya 14. Kwenye ya 18 haitafika hata inchi 8 kwa 5 na nusu. Ongeza inchi 3 kila upande kwa ajili ya fremu, ndipo ukate. Kwa chati yako ngumu ya kwanza ningekushauri uchukue 14, maana macho yana mipaka.

Dukani kwenu Aida isipopatikana, tafuta kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika na ziko sawa pande zote mbili. Kipime kwa futi ya fundi: hesabu nyuzi za inchi moja kwa urefu, kisha za inchi moja kwa upana. Ukipata 28 huku na 24 kule, kiache, kwa sababu kila duara utakaloshona litatoka limevutika. Kikiwa na 28 pande zote, utashona kwa kuruka nyuzi mbilimbili na ukubwa utalingana na Aida ya 14.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulikwepa, nami nalitilia mkazo kuliko yote: kabla ya msalaba wa kwanza, piga bandi kitambaa kizima. Chati nyingi zina mstari mnene kila baada ya miraba 10. Mistari hiyo ihamishie kwenye kitambaa. Kikunje mara mbili kupata katikati, ambapo panapaswa kulingana na mishale ya pembezoni mwa chati, kisha toka hapo ukienda pande zote: sindano ipite juu ya miraba 5, ipite chini ya miraba 5, mpaka ukingoni. Ukimaliza, hesabu upya kila chumba kilichozungushiwa na mistari hiyo kabla hujaanza kushona. Chumba kimoja chenye miraba 9 kitakupoteza vibaya kuliko kukosa bandi kabisa, kwa sababu utakiamini.

Uzi wa cherehani unafaa kwa bandi, ila sindano huutoboa na baadaye unakataa kuchomoka. Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki ni bora zaidi: sindano haiutoboi, hauachi manyoya wala rangi, na kazi ikiisha unauvuta unatoka wote. Kalamu zinazofutika kwa joto la pasi sizipendekezi, kwani alama zake huweza kurudi kitambaa kikipata baridi.

Bandi ikishakaa, shona chumba kwa chumba. Toa nakala ya chati iliyokuzwa, na kila mshono ukishashonwa upake mraba wake rangi ya njano. Kila ukivuka mstari wa bandi, linganisha: je, kwenye chati nako nimevuka? Usipovuka pamoja, kosa liko ndani ya chumba hicho, wala huhitaji kulitafuta kwingine.

Rangi nazo zina mtego wake. Nyuzi za DMC, kampuni ya Kifaransa yenye asili yake Mulhouse tangu 1746, huja kwa vifungu vya mita 8, na kila uzi una nyuzi ndogo 6. Kwenye Aida ya 14 hutumika 2. Namba 930, 931 na 932 zote ni buluu za familia moja, na chini ya balbu ya njano huwezi kuzitofautisha. Zipange mchana, karibu na dirisha. Toboa matundu kwenye kadi ngumu, funga kipande cha kila uzi kwenye tundu lake, na pembeni andika namba pamoja na alama yake ya kwenye chati.

Sehemu inayochosha kupita zote ni pale rangi zinapotawanyika, mshono mmoja mmoja, kama kwenye majani, manyoya au ngozi ya uso. Hapo tunga sindano kadhaa, kila moja na rangi yake. Ukimaliza rangi moja ndani ya chumba, itoe sindano juu kwenye mraba unaofuata wa rangi hiyo hiyo, uuache uzi ukining'inia hadi zamu yake ifike. Usiburute uzi nyuma ya kitambaa zaidi ya miraba minne au mitano; uzi mweusi utaonekana kupitia kitambaa cheupe. Na mkono wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja, la sivyo mwanga utaonyesha mabaka. Andika "juu" pembeni mwa kitambaa, usije ukakigeuza bila kujua.

Kosa likitokea, lipime kwanza. Jani lililozidi mraba mmoja kwenye kichaka liache, hakuna atakayeligundua. Kwenye uso wa mtu au ukingo wa mapambo, fumua bila huruma: ukingo uliokosewa mraba mmoja hautakutana utakaporudi ulikoanzia. Fumua kwa kukata misalaba michache michache kutokea mbele, ukivuta vipande kwa ncha ya sindano, na uzi uliofumuliwa usiurudie.

Usiihukumu picha kabla ya mistari ya mwisho, ile inayoshonwa kwa uzi mdogo mmoja, sindano ikirudi nyuma kila hatua. Pua na midomo ambayo ilikuwa madoa tu hujitokeza hapo, na darizi nyingi hutupwa kabatini zikiwa zimebakiza mistari hiyo.

Ikiisha, chomoa bandi, fua kwa maji baridi na sabuni laini bila kukamua. Rangi ikichuja, endelea kusuuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Usiiache ikauke ikiwa na doa. Ikunje ndani ya taulo inyonye maji, kisha ipige pasi kwa nyuma, uso wake ukiwa umelala juu ya taulo nene ili misalaba isibonyee.