Kalavati Limebebwa na Maji: Fedha za Dharura Zinaombwaje?

Mvua ya usiku mmoja inatosha. Asubuhi kalavati limelala ubavu korongoni, tuta la barabara limekatika, lori la mbolea limekwama upande huu na mjamzito wa upande wa pili anavushwa mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji anampigia diwani, diwani anampigia mbunge, mbunge anaahidi kulifikisha suala hilo. Wiki ya tatu watu bado wanavuka kwa magogo. Mara nyingi hapo kinachokwamisha si uhaba wa fedha peke yake. Ombi halijamfikia mwenye mali.

Kwa hiyo anzeni na swali hili: iliyobomoka ni mali ya nani? Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya na za vijijini, ndizo nyingi huku kwetu Ulyankulu, wilayani Kaliua, ziko chini ya TARURA tangu 2017. Kisima au bomba la kijiji ni la RUWASA. Shule, zahanati na soko ni vya Halmashauri ya Wilaya ya Kaliua. Ukingo wa mto unaoliwa na maji, kama ule wa Igombe unaoelekea Malagarasi, unaangukia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Barua ya kalavati iliyopelekwa halmashauri huenda ikalala masjala.

Kisha tazameni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mvua zetu hushika kuanzia Novemba hadi Aprili. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kwa hiyo kapu lake la ndani hutuna wakati wa masoko ya tumbaku. Mafuriko huja masoko yakiwa yameshafungwa. TARURA nayo hutegemea Mfuko wa Barabara, ambako tangu Julai 2021 iliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Fedha hizo zimeshapangiwa barabara, na kijiji chenu kinagombania fungu la dharura na vijiji vingine vilivyonyeshewa mvua ileile.

Ndiyo maana barua ina uzito. “Barabara imeharibika, tunaomba msaada” haimsaidii mhandisi hata kidogo. Andikeni jina la barabara na inakotoka hadi inakokwenda. Tarehe ya tukio. Urefu na kina cha palipokatika, hata kama mmepima kwa kamba. Wanafunzi wangapi hawafiki shule na zahanati ipi haifikiki. Pigeni picha mtu mzima akiwa amesimama shimoni, kina kionekane. Ambatisheni muhtasari wa mkutano wenye saini na muhuri wa Mtendaji wa Kijiji. Nakala moja irudi kijijini ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, mwezi ujao mtaambiwa hakuna barua iliyofika.

Nakala nyingine iende kwa Mkuu wa Wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji hadi taifa, na ikiwa uharibifu umeizidi wilaya, suala hupanda mkoani hadi Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlango mwingine ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Si mfuko wa kujengea daraja, ila unaweza kununua saruji na nondo pale kijiji kimeshasomba mawe na mchanga. Thamani ya nguvu hiyo ya wananchi iandikeni kwenye ombi. Mchanga wenyewe msiuchimbe karibu na nguzo za daraja. Nimeona watu wakifanya hivyo huku wakilalamikia mmomonyoko.

Msitarajie ukuta mkubwa wa kuzuia maji kwa njia hii. Hata Dar es Salaam na Pangani, ambako bahari ilikuwa inakula fukwe, kuta zilijengwa kwa fedha za kimataifa za mabadiliko ya tabianchi kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais. Fedha za dharura hurudisha njia ipitike, basi. Kazi ya kudumu iingizwe kwenye mpango wa kijiji kabla halmashauri na TARURA hazijafunga bajeti ya mwaka unaofuata. Yaani wakati mnahangaika na magogo, ndio wakati wa kuitisha mkutano mkuu.

Mkandarasi akifika, someni bango la mradi: gharama, muda, jina lake. Muulizeni mhandisi kipindi cha matazamio kinakwisha lini, maana ndani ya kipindi hicho kasoro za ujenzi mkandarasi huzirekebisha kwa gharama yake. Ufa ukionekana, andikeni siku hiyohiyo.