Somo kwa Kamati za Usharika: Kununua Mitumba kwa Busara na Kuigeuza Iwe Nguo ya Mtoto

 

Somo letu la robo hii ya mwaka linahusu nguo. Kwa wasioijua Njombe, miezi ya Juni na Julai huku kwetu ina baridi kali, na kuna asubuhi majani huamka yamefunikwa na barafu nyembamba. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoondoa ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, wazazi wengi walipata nafuu kubwa. Hata hivyo, sare na sweta vilibaki kuwa jukumu la mzazi. Mwenye watoto wanne wa shule, ambaye fedha yake hutoka kwenye viazi na mahindi, anaelewa ninachosema bila kuelezwa.

Msingi wa somo ni 1 Samweli 2:19. Hana alimtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Ninaomba kamati zikae kidogo kwenye maneno hayo “kila mwaka”. Mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi. Mama anayejua kipimo cha mwanawe ndiye anayeshona. Wengi wetu tumezoea kufundisha habari za Dorkasi wa Yafa (Matendo 9:36-43) tunapozungumzia nguo, na ni vizuri, kwa kuwa naye alishona mwenyewe na wajane wakazionyesha nguo hizo kwa machozi. Hao wote wawili hawakugawa nguo zilizotoka kwa watu wasiojulikana.

Makosa yetu mawili

Ninaanza na makosa kwa sababu yamefadhiliwa na sadaka za watu, na ni haki yao kuyajua.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea shehena ya nguo kutoka kwa marafiki wa nje. Tulizigawa siku ya Jumapili baada ya ibada, mbele ya washarika wote, majina yakisomwa moja moja. Msomaji nilikuwa mimi. Binti mmoja wa darasa la kipaimara alipata gauni la njano lenye maua makubwa, akapigwa picha. Jumapili iliyofuata wenzake walimcheka kwamba gauni lile si lake, ni la kusomewa. Akaacha kuja darasani. Nilipokwenda kuwatembelea, mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akaniambia kwa upole, “Baba Mratibu, mwanangu hakuwa uchi. Alikuwa na gauni la zamani, lakini lilikuwa la kwake.” Sikuwa na jibu. Ilichukua miezi mingi na ziara nyingi za mwinjilisti kabla binti yule hajarudi.

Kosa la pili lilitokana na kujaribu kusahihisha la kwanza. Tulikishauri kikundi kimoja cha akina mama kutumia sehemu ya akiba yao ya VICOBA kununua belo zima la nguo za watoto, wachague za kwao na kuuza zilizobaki. Wauzaji wa jumla hawaruhusu belo lifunguliwe kabla ya kulipiwa. Unanunua maandishi yaliyoko juu ya gunia. Tulipofungua tulikuta nusu na zaidi ni vinguo vyepesi vya watoto wachanga, vingi vina madoa ya maziwa yasiyotoka. Fedha ya akina mama ilipotea. Kwa sababu ushauri ulikuwa wetu, ofisi ililipa hasara hiyo kidogo kidogo. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba kikundi cha usharika kisinunue belo. Biashara ya belo ina watu wake, wanaofungua mengi kwa mwaka na kufidia baya kwa zuri. Kikundi chenye belo moja kinacheza bahati nasibu.

Je, mitumba ni aibu?

Swali hili huulizwa kila semina, hasa na wazee. Wao wanakumbuka fahari ya viwanda vyetu, kama Urafiki pale Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968, na Mwatex ya Mwanza. Wanakumbuka pia uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, na jinsi masharti ya uagizaji yalivyolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikaingia kwa wingi, watu wakaiita “kafa Ulaya”. Viwanda vilidhoofika, na mitumba ilichangia, ingawa vilikuwa pia na matatizo yake ya mitambo, umeme na mtaji. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia nafuu za biashara za AGOA, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huuzwa nje kabla ya kuwa kitambaa.

Mimi ningependa mtoto wa Njombe avae pamba ya Shinyanga iliyofumwa nchini. Lakini mama mwenye elfu tano mfukoni asubiri viwanda hadi lini? Anunue mtumba, ila anunue akijua.

Namna ya kuchagua

Usiende sokoni ukitafuta nguo inayomtosha mtoto. Nguo ya kumtosha mtoto hugombewa na kila mzazi, na bei yake hupanda. Tafuta kitambaa. Shati kubwa la mtu mnene hukaa kwenye rundo mpaka jioni, wakati muuzaji anataka kufunga mzigo na bei imeshuka. Vivyo hivyo sketi ya marinda ya mtu mzima. Ikining’inia inaonekana ndogo, kumbe marinda yaliyolaliana yamekunja kitambaa karibu mara tatu ya upana unaouona. Ukiipata ya bluu iliyoiva, umepata sketi mbili za shule.

Inua nguo uiangalie dhidi ya mwanga. Kitambaa kilichochoka huonyesha mwanga kwenye viwiko, makalioni, kati ya mapaja na kwenye magoti. Uchakavu wa mahali hapo usikutishe kama sehemu nyingine ni nzima, kwa sababu utakata. Kitu cha kuogopa ni kitambaa kinachopasuka ukikivuta taratibu kwa vidole viwili katikati ya mgongo. Hicho kimeoza kote. Zipu na vifungo vihesabu kama mali. Koti bovu lenye zipu nzima ndefu linaweza kulipa bei yake kwa zipu peke yake.

Jambo lifuatalo nasisitiza kwa uzito. Jikoni kwetu moto uko chini, kwenye mafiga, na watoto huuota. Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka zikishika moto na kugandamana na ngozi. Kabla ya kumshonea mtoto, chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani uziunguze mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kitambaa cha namna hiyo kifanye mfuko, lakini usikifanye gauni pana la mtoto mdogo.

Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa na Shirika la Viwango Tanzania, na hata zisingekatazwa, msizinunue. Nguo nyingine zote zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla hazijaguswa na mkasi, zianikwe juani na kupigwa pasi ya moto pande zote mbili. Pasi inalainisha kazi ya ushonaji pia, hivyo mkaa wake haupotei.

Kufumua na kushona

Kosa la wanaoanza ni kukata mishono kwa mkasi. Fumua kwa ncha ya wembe, uzi kwa uzi. Inachosha, lakini kila mshono unaokatwa hupunguza upana pande mbili, na kwa mtoto sentimita mbili ni nyingi.

Kwa shati jeupe la shule, chukua shati la sasa la mtoto lifanye kipimo. Fumua mikono ya shati kubwa, kisha lilaze shati dogo juu yake katikati, mstari wa vifungo juu ya mstari wa vifungo, pindo la chini juu ya pindo la chini. Kwa njia hii matundu ya vifungo na pindo vinabaki kama vilivyo, na hizo ndizo kazi zinazomla fundi muda. Kata mabegani na ubavuni ukiongeza upana wa kidole kimoja na nusu kwa mshono. Kola ikiwa imelika shingoni, ifumue, igeuze upande wa ndani uwe nje, irudishe, itaonekana mpya. Mikono mifupi hutoka kwenye mikono mirefu bila shida.

Kaptula hutoka kwenye suruali ya mwanaume iliyochakaa magoti, kwa kuwa nyuma ya mguu, chini ya goti, kitambaa huwa bado kizima. Acha pindo la vidole vinne ndani, sawa na kanzu za Hana: mwakani unafumua unashusha. Mstari wa pindo la zamani utaonekana. Hakuna mtoto aliyefeli mtihani kwa sababu hiyo.

Kuhusu viraka, Bwana wetu alitumia mfano wa kiraka cha kitambaa kipya kwenye vazi kuukuu (Marko 2:21). Tunauhubiri kiroho, nasi tunafanya vema, lakini ni ukweli wa fundi pia. Pamba mpya husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, na kiraka kikisinyaa huivuta nguo iliyochoka na kuipasua pembeni. Kiraka kitoke kwenye nguo nyingine kuukuu, au kitambaa kipya kifuliwe kwanza.

Sweta linastahili nafasi yake kwa hali ya hewa yetu. Sweta kubwa la sufi lililotoboka kiwiko linaweza kufumuliwa na kufumwa upya kuwa la mtoto. Kabla ya kununua, ligeuze nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo zimefumwa zikamalizika zenyewe, kisha zikaunganishwa, uzi utatoka mrefu. Kama kitambaa kilikatwa na kushonwa ovaloki, utapata vipande vifupi tu, liache. Fumua kuanzia juu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, uoshe kwa maji vuguvugu, kisha uning’inize na kitu kizito kidogo chini ili mikunjo inyooke. Bibi mmoja wa mtaa wa mlimani alinirekebisha semina nzima ikisikia: mimi nilikuwa nimefundisha kufuma uzi ukiwa na mikunjo yake.

Hesabu ifanyike kabla

Chukua mfano huu, mkiweka bei za sokoni kwenu. Shati kubwa Sh 2,000, uzi Sh 500, fundi Sh 2,000. Jumla Sh 4,500. Shati jipya likiwa Sh 9,000, mmeokoa nusu. Lakini suruali ya Sh 2,000 ambayo fundi anadai Sh 5,000 kuirekebisha kiuno na miguu haina faida yoyote, labda mama awe anashona mwenyewe. Ndiyo maana mafunzo yanakuja kwanza. Na nashangaa kwamba wanaume hawajiandikishi, wakati mafundi cherehani wengi wa mjini ni wanaume.

Kwa marafiki wetu wa nje

Tunashukuru kwa kila kifurushi, na tunajua kilifungwa kwa upendo. Hata hivyo, kontena la nguo hutugharimu ushuru, gharama za bandari na usafiri hadi huku, na likifika humnyang’anya mteja mama mjane anayeuza mitumba sokoni, ambaye naye ni msharika. Tafadhali ziuzeni huko huko nguo hizo na kutuma fedha kwa ajili ya cherehani. Cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu inatosha. Haihitaji umeme, na vipuri vyake hupatikana Makambako. Ikiambatana na mafuta, bobini za akiba, sindano namba 14 kwa nguo za kawaida na namba 16 kwa jinzi, kikundi cha watu kumi kina kazi ya miaka mingi.

Kamati nazo zina wajibu wa kutenga fedha ya matengenezo. Kuna cherehani moja iliyosimama miezi minne kwa kukosa mkanda wa bei ndogo, kwa sababu kila kikao kiliahirisha ajenda hiyo. Mkanda nimekwishaununua. Mwenyekiti wa usharika husika aufuate ofisini kwangu siku yoyote ya kazi, na aje na risiti ya mafuta tuliyomwagiza.