Mfungueni Huyo Mtoto wa Mbwa

Mwanangu wa Kinango,

Katika barua yako umetaja kwa kupita tu kwamba mbwa wenu mdogo alimuuma kitinda mimba wako kidole, damu ikatoka. Naanzia hapo. Osha kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika dakika 15, hata kama maji yaliyobaki nyumbani ni mtungi mmoja, kisha mpeleke mtoto hospitali leo. Hata kama siku zimepita, nenda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, na mbwa mchanga anaweza kuwa nacho sawa na mkubwa. Msimuue, mchungeni siku 10, na akibadilika tabia au akifa, mwarifuni daktari upesi. Chanjo ya mbwa kwa kawaida hudungwa akitimiza miezi mitatu, ikarudiwa kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2030 asife tena mtu kwa kichaa kitokacho kwa mbwa, na lengo hilo linategemea chanjo katika maboma kama lenu.

Sasa mnyororo. Baba mkwe wako anataka mbwa mkali wa kulinda mbuzi na fisi, ndiyo maana amemfunga nyuma ya jiko, anamchapa na kumtilia pilipili kwenye sima. Haja yake ni ya kweli. Lakini mtoto wa mbwa huwajua walio wake katika majuma machache, tangu la tatu hadi karibu la 14, na huyu wenu yuko la tisa. Anayepitisha siku hizo kwenye mnyororo hawajui mbuzi wala wajukuu, na akikua humrukia yeyote kwa woga. Pilipili humuumiza tumbo, basi.

Siku hizo 10 zikipita salama, asubuhi na jioni mpelekeni zizini akiwa kwenye kamba, anuse mbuzi watulivu, si aliyezaa juzi. Akiwarukia vifaranga, mwondoe pale bila kelele. Akiuma watoto wakicheza, wote wasimame na wamwache peke yake kidogo, kisha apewe kitambaa kikuukuu chenye fundo atafune. Meno yanamwasha, hana ubaya. Kuhusu uchafu anaouacha ukumbini, mtoe nje kila anapoamka na kila anapomaliza kula, na akijisaidia huko msifu papo hapo. Kumsugua pua kwenye kinyesi kunamfundisha kujificha tu. Usiku analia kwa sababu ametoka kwa mama yake; mlaze karibu na mlango juu ya leso yako kuukuu.

Jirani yako Mwislamu ana haki ya kulalamika mbwa akilamba vyombo vyake, kwani kwa madhehebu ya Shafi, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda mifugo hakatazwi. Mwambie mapema kwamba mtamzuia asifike kwake, na mtimize.

Kumpinga mzee kwa kinywa chako hakufai, mumeo ndiye aseme na baba yake. Wewe mwombe mzee jambo moja: awe yeye wa kumpa mbwa chakula cha jioni, amwite kwa jina, amngoje aje, ndipo amwekee sahani. Mnyororo aufungue mzee mwenyewe.